Silabi Iliyopotea Kwenye Sauti ya Pili

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa viatu vya mama yangu, kwa sababu vyangu vilikuwa vya shule. Tuliishi Makongeni, kwenye nyumba za reli, kwa kuwa baba alikuwa gadi wa treni. Nilitembea kwa miguu hadi Industrial Area, kwenye kiwanda kidogo kilichokuwa kikichapa vitabu vya nyimbo za kanisa. Nilijua kusoma solfa, ile namna ya kuandika muziki kwa herufi za d, r, m, na mwandiko wangu ulikuwa mzuri. Sikuwa na kingine cha kujivunia.

Msimamizi wa Chumba cha Nota alikuwa mzee mwembamba aliyevaa koti la kijivu hata wakati wa joto. Hakuniuliza jina. Alinipa ukurasa wa wimbo uliokwisha kuchapwa, akasimama nyuma yangu.

"Unaona nini hapo?"

"Naona noti, mzee."

"Na kati ya noti na noti?"

"Hakuna kitu."

"Basi kazi yako iko hapo kwenye hakuna kitu," alisema, na akanionyesha kiti changu.

Ilinichukua muda kumwelewa. Kazi yetu ilikuwa kunakili muziki wa watunzi uwe safi kabla ya kupelekwa kwenye mtambo. Tulichora mistari mitano kwa kalamu yenye midomo mitano, tukaweka vichwa vya noti, tukavipa vijiti vyake vya kwenda juu au chini, kisha tukaandika maneno chini, silabi kwa silabi, kila silabi ikae chini ya noti yake. Hayo mtu yeyote mwenye mkono uliotulia angeweza kujifunza. Kugawanya nafasi ndiko kulikuwa kugumu. Noti ndefu hupewa nafasi kubwa, noti fupi nafasi ndogo, kwa sababu jicho la mwimbaji hutangulia sauti yake. Akiona upana anajua atakaa hapo. Ukibana mahali pa kukaa, kwaya nzima itakimbia, na mwalimu wao atawagombeza bure.

Nilipokosea, Msimamizi hakusema nimekosea wapi. Alirudisha karatasi ikiwa na kiduara cha penseli pembeni, nami nikatafuta mwenyewe. Wakati mwingine nilitafuta asubuhi nzima. Nilimchukia kwa hilo, kisha nikazoea, na mwishowe nikawa siwezi kuangalia ukurasa wowote bila kuanza kutafuta.

Kiwanda kilipofungwa, nilihamia ofisi moja iliyokuwa ikitayarisha vitabu vya muziki vya shule. Huko mkubwa wangu alikuwa Mhariri wa Muziki, mama mrefu mwenye sauti ya chini, ambaye alikuwa wa kwanza kuleta kompyuta katika idara yetu. Wanakili wenzangu wengi waliondoka. Walisema mashine haiwezi kuandika muziki. Mimi nilikuwa na mtoto wa kusomesha, nikabaki.

Programu ya kuandika nota, kwa yule asiyeijua, ni kama daftari lenye akili kidogo. Unaiambia noti gani, ya urefu gani, na yenyewe inachora kijiti, inapanga nafasi, inavunja mistari inapofika pembeni mwa karatasi. Pia inaweza kukuchezea ulichoandika, kwa sauti kavu kama ya kinanda cha watoto. Kinachowasaidia watu wa kwaya zaidi ni kwamba ukishaandika wimbo wenye sauti zote nne kwenye ukurasa mmoja, unaweza kuiomba itoe ukurasa wa sauti ya kwanza peke yake, wa sauti ya pili peke yake, na kadhalika. Enzi za kalamu, kila ukurasa wa sauti ulinakiliwa upya kwa mkono.

Mhariri wa Muziki alitufundisha kuishi na mashine hiyo. Siku moja mistari ya wimbo wangu iligeuka na kupandana, nikaanza kubonyeza kila kitu nilichokiona. Alikuja akaweka mkono wake juu ya wangu.

"Umebadilisha vitu vingapi?"

"Sijui, madam. Vingi."

"Basi hata ikipona hutajua kilichoiponya. Rudi mwanzo. Badilisha kitu kimoja, angalia. Halafu kingine, angalia."

Alikuwa na njia yake ya kutafuta kosa. Akikuta wimbo unaoharibika, alitengeneza nakala, akafuta nusu ya wimbo. Kosa likibaki, basi limo kwenye nusu iliyobaki. Anakata tena nusu, na tena, mpaka kosa linabaki limesimama peke yake bila mahali pa kujificha. Nimeitumia njia hiyo hata kutafuta swichi inayokata umeme nyumbani.

Nilimaliza utumishi wangu katika ofisi hiyo, chini ya wakuu wengine wawili ambao sitawaeleza hapa, maana walikuwa watu wa mikutano zaidi kuliko wa muziki. Walinipa saa ya ukutani na keki. Nikarudi nyumbani Donholm, nikaweka kompyuta yangu kwenye meza ya kulia chakula karibu na dirisha, nikaanza kuandikia kwaya za mitaa yetu nyimbo zao. Nilidhani kazi ngumu nimeimaliza. Lakini kazi ninayoikumbuka kuliko zote ilinijia nikiwa tayari nimestaafu, na ndiyo nataka kuwasimulia ninyi mnaoanza.

Katika kanisa letu kulikuwa na mzee mmoja tuliyemwita Baba Sheila. Alikuwa msoma mita za maji wa kaunti, na katika kwaya alikuwa nguzo ya sauti ya nne. Aliugua figo, akafariki. Mwaka ulipokaribia kutimia, mkewe, Mama Sheila, alitaka ibada ya kumbukumbu yenye wimbo mpya. Alimwendea mwalimu wa kwaya, Mwalimu Kariuki, akampa maneno ambayo mumewe alikuwa akimwambia miaka ile Mama Sheila mwenyewe alipokuwa mgonjwa na kukata tamaa: "Sitakuacha njiani." Mwalimu Kariuki akayafanya kiitikio. Sauti zote zinanyamaza kidogo, kisha sauti ya kwanza na ya pili zinaanza pamoja kwenye noti moja, "Si", halafu zinaachana, moja inapanda na nyingine inashuka: "takuacha njiani, shika mkono wangu." Ulikuwa wimbo mzuri. Niliuandika kwa furaha, nikatoa kurasa za kila sauti, nikamtumia kila kiongozi wa sauti ukurasa wake kwenye simu akachapishe.

Kiongozi wa sauti ya pili alikuwa Selina, dada yake marehemu, anayeishi Kware. Kati yake na Mama Sheila hapakuwa na amani. Siku Baba Sheila alipofariki, pale kwenye korido ya hospitali, Selina alimwambia wifi yake mbele za watu kwamba alichelewa kumleta mgonjwa. Kwamba alimwacha mpaka akaisha. Watu waliwatenganisha, mazishi yakafanyika, na tangu hapo walisalimiana kanisani kwa kupeana mkono tu.

Jumamosi moja alasiri sauti ya pili walikuwa wanafanya mazoezi peke yao kwenye chumba cha nyuma cha kanisa. Wengi wao walikuwa wageni katika kwaya, wanaimba kilichoandikwa. Mama Sheila alifika na mandazi, akiwa amekuja kuwashukuru. Alipofika mlangoni alisikia wanawake wote wakiimba kwa nguvu, na Selina akiwa mbele yao akiwaongoza kwa mkono:

"Takuacha njiani, takuacha njiani."

Kwa Kiswahili chetu cha nyimbo, hakuna anayehitaji kuelezwa maana yake. Ile "Si" ikitoka, ahadi inageuka kuwa kisu. Mama Sheila aliweka chombo cha mandazi sakafuni, akaingia, akachukua karatasi kutoka kwa mwanamke aliyekuwa karibu, akasoma. "Si" haikuwapo. Akamtazama Selina.

"Umeandika," alisema. "Ulilolisema hospitalini sasa umeliandika, na umewapa watu waniimbie."

Selina hakuelewa. Alipoelewa, alikasirika kuliko yeye. Mwalimu Kariuki alinipigia simu nikaenda na kompyuta yangu. Niliwakuta wamekaa pande mbili za chumba, na wale wanawake wengine wamesimama nje wakinong'ona.

"Mama Edu," Mama Sheila aliniambia, maana hilo ndilo jina langu hapa mtaani, "wewe ndiye uliyeuandika. Uliandika nini hapa?"

Nilifungua ukurasa mkubwa, ule wenye sauti zote. "Si" ilikuwa pale, nzuri, chini ya noti yake. Nilimwonyesha.

"Kwa hivyo kwako iko," alisema, na akafunga kitambaa chake cha kichwa vizuri kama mtu anayetaka kuondoka. "Na karatasi za sauti ya pili alizichapisha nani?"

Kila mtu alijua ni Selina, kwenye saiba, duka la kompyuta na fotokopi, karibu na steji ya matatu ya kwao.

"Ngojeni kwanza," nilisema. "Sijaangalia yote."

Lakini alikuwa amekwisha kusikia alichotaka kusikia. Alisema hapatakuwa na wimbo, na kwamba Selina akija kwenye ibada ile, yeye mwenyewe hatakuja. Akatoka. Wanawake wa sauti ya pili wakasema kama kiongozi wao anaitwa mchawi wa karatasi, wao pia hawaimbi. Mwalimu Kariuki alibaki ameshika kichwa. Mandazi yalibaki pale mlangoni.

Nilimwomba Selina karatasi yake moja. Aliitupa mezani. Niliitazama kwa muda, na jicho langu likanaswa na kitu. Kati ya alama ya kunyamaza na silabi "ta" kulikuwa na pengo. Lilikuwa pana kiasi cha noti moja, wala halikuwa na chochote ndani. Nilipitisha kidole juu yake. Hapakuwa na mkwaruzo, wala kivuli kile kinachoachwa na wino mweupe unapopitishwa kwenye fotokopi.

Hapo nilianza kuwa na wasiwasi wa namna nyingine. Mtu akifuta noti ndani ya programu, programu haikubali baa ibaki na upungufu. Baa ni kile chumba kidogo kati ya mistari miwili ya wima, na kila chumba lazima kijae hesabu yake ya mapigo. Ukitoa noti, programu inaweka alama ya kunyamaza mahali pake. Hapa hapakuwa na noti wala alama ya kunyamaza. Kulikuwa na nafasi tupu iliyopangwa kwa uangalifu, kana kwamba kuna mtu ameketi hapo ambaye hatumwoni.

"Njoo nyumbani kwangu kesho baada ya ibada," nilimwambia Selina. "Uje na simu yako, ile yenye ukurasa niliokutumia."

"Nije kufanya nini? Kuchunguzwa?"

"Kunisaidia kutafuta."

Alikuja. Alikaa kwenye ukingo wa kiti, mkoba mapajani, kama mtu aliye kwenye ofisi ya chifu. Nilimpa chai. Tukaanza na simu yake. Tulifungua ukurasa ule kama nilivyoutuma, kabla haujafika saiba wala kwa mtu yeyote. Pengo lilikuwapo. "Si" haikuwapo.

"Kwa hivyo si saiba," nilisema.

"Na si mimi."

"Na si wewe."

Alinywa chai kidogo. "Basi ni wewe."

"Inawezekana. Tuangalie."

Nilimuuliza jambo lililokuwa likinisumbua: yeye ni kiongozi, alijua kiitikio kinasemaje, kwa nini hakushtuka?

"Nilijua sauti ya kwanza wanaanza na 'Si'," alijibu. "Mwalimu hupenda hivyo, sauti moja inaanza neno na nyingine inaingia katikati. Nilidhani ni mtindo wake. Tukiimba wote pamoja ingesikika sawa. Sikufikiria tukiwa peke yetu itasikika vipi. Nilikuwa nasikiliza sauti zao kama ziko juu au chini. Maneno sikuyasikia."

Nilimwamini. Nami nimefanya kazi miaka mingi kwenye maneno ya nyimbo nikiyaona kama silabi tu.

Nikafungua kwenye kompyuta yangu ukurasa wa sauti ya pili, ambao jana kanisani sikuufungua. Pengo lilikuwa pale pale. Nikabonyeza ndani yake, hakuna kilichoshikika. Nikaamuru programu ipange nafasi upya tangu mwanzo, pengo likabaki. Nikabadilisha aina ya herufi, nikidhani labda zile za zamani zimeacha kusomeka. Hakuna kilichobadilika. Kila mara nilirudisha nilichobadilisha kabla ya kujaribu kingine, na Selina aliniuliza kwa nini narudi nyuma badala ya kwenda mbele. Nikamweleza, naye akasogeza kiti chake karibu na meza.

Ndipo aliposema, "Haiwezi kuimba hiyo kitu? Si uliniambia inaweza kucheza?"

Niliicheza. Sauti kavu ya kinanda ikapita kwenye mstari wa sauti ya pili, ikanyamaza mahali pa kunyamaza, kisha ikatoa noti moja, halafu ikaendelea.

"Rudia," Selina alisema. Nikarudia. "Hiyo ya kuanza ni yetu. Hiyo ndiyo 'Si'. Iko."

Alikuwa amesema kweli. Masikio yake yalisikia kitu ambacho macho yangu hayakukiona. Noti haikuwa imefutwa. Ilikuwa pale, inahesabiwa, imepewa nafasi yake, inaimbwa, ila haichorwi. Na kwa kuwa silabi huning'inia kwenye noti yake, noti isipochorwa na silabi haichorwi.

Sasa tulijua tunatafuta nini. Nilitengeneza nakala ya wimbo nikaanza kukata. Nikafuta beti zote, nikabakiza kiitikio: kosa likabaki. Nikafuta sauti ya nne, kisha ya tatu: likabaki. Zilipobaki sauti mbili za wanawake peke yake, nikafuta ile ya kwanza. Na "Si" ikatokea kwenye ukurasa wa sauti ya pili, noti na neno, kana kwamba haikuwahi kuondoka.

Selina aliweka kikombe chini. "Rudisha."

Nikairudisha sauti ya kwanza. "Si" ikatoweka.

Tulitazamana. Nikachukua ile noti ya sauti ya pili kwenye ukurasa mkubwa, nikaishusha hatua moja tu, isiwe sawasawa na ya sauti ya kwanza. Ikatokea. Nikaipandisha irudi mahali pake. Ikatoweka. Nilifanya hivyo mara kadhaa, mpaka Selina akauondoa mkono wangu kwenye kipanya na kufanya mwenyewe.

Mambo yalikuwa hivi. Kwenye ukurasa mkubwa sauti ya kwanza na ya pili hukaa kwenye mistari mitano ile ile. Zikifika kwenye noti moja, programu haichori vichwa viwili, kimoja juu ya kingine. Inaficha kimoja ili ukurasa uwe safi. Hilo ni jambo zuri, hata sisi wa kalamu tulifanya hivyo. Ila inapotoa ukurasa wa sauti ya pili peke yake, inatakiwa ikifichue kile ilichokificha. Toleo la zamani lilikuwa likifanya hivyo. Wiki ile ile nilikuwa nimeweka toleo jipya, na toleo hilo lilisahau kufichua. Katika wimbo wote, sauti hizi mbili zilikutana mahali pamoja tu, kwenye ile silabi moja. Mwalimu Kariuki alizikutanisha hapo kwa makusudi, na mashine ikazikuta.

Selina aliendelea kutazama skrini. Nilidhani atafurahi kwamba ameonekana hana hatia. Aliuliza tu, "Mama Sheila ataielewa hii?"

"Ataielewa akiiona."

"Mimi siendi kwake."

Lakini nilipofunga kompyuta na kuitia mkobani, alinyanyuka akanifuata. Mama Sheila anaishi nyuma ya maduka, si mbali na kwangu. Alipofungua mlango na kumwona wifi yake, alibaki ameshika kitasa. Nilimwambia, "Mama Sheila, nimekuja na kazi yangu. Nataka uione wewe mwenyewe." Kwa heshima ya umri wangu alitupisha.

Sikumpa maelezo marefu. Niliweka kompyuta mbele yake, nikamwonyesha kurasa mbili, nikamwonyesha kitufe cha kushusha noti na cha kupandisha. "Bonyeza," nilimwambia. Alibonyeza. "Si" ikaja. Alibonyeza tena. Ikaenda. Alibonyeza polepole, mara nyingi, akitazama neno lile la mumewe likija na kwenda.

"Kwa hivyo hakuna aliyeifuta," alisema.

"Hakuna."

"Hata kwa bahati mbaya?"

"Hata kwa bahati mbaya. Programu iliificha. Nitawaandikia walioitengeneza."

Aliondoa mkono kwenye kompyuta. Akamgeukia Selina aliyekuwa bado amesimama karibu na mlango. "Jana nilikuonea mbele ya watu. Hilo nimeliona. Lakini yale ya hospitalini uliyasema."

"Niliyasema," Selina akajibu.

"Na hujawahi kuniambia kama bado unayasema."

Nilitaka kuondoka, lakini mlango ulikuwa nyuma ya Selina. Selina alitazama sakafu. Alipozungumza, sauti yake ya kiongozi haikuwapo.

"Alinipigia simu wiki mbili kabla," alisema. "Akaniambia anaumwa lakini nisikuambie ameniambia, hataki uogope. Mimi pia sikuja. Nilijiambia mwisho wa mwezi. Pale kwenye korido nilitafuta mtu mwingine wa kubeba hiyo kitu, na wewe ndiwe uliyekuwa karibu."

Mama Sheila aliinuka akaenda jikoni, na tukasikia maji yakimiminwa kwenye sufuria. Baada ya muda alisema kutoka huko, "Keti basi, Selina. Utasimama hapo mpaka saa ngapi?"

Sitawadanganya kwamba walikumbatiana. Walikunywa chai wakizungumza juu ya Sheila na karo ya chuo na mvua ya huko kwao. Mimi niliomba meza, nikaitenga sauti ya pili kwenye mistari yake yenyewe, ili isiwe na wa kugongana naye, nikatoa kurasa upya.

Ibada ilifanyika, na wimbo uliimbwa. Nilikaa viti vya nyuma. Wanawake walianza ile "Si" kwa pamoja, sauti mbili zikiwa kama moja, na Mama Sheila, aliyekuwa ameketi mbele, akainamisha kichwa. Selina alikuwa analia huku akiimba, jambo ambalo tuliambiwa tangu utotoni kwamba haliwezekani.

Niliwaandikia waliotengeneza programu. Nilitayarisha mfano mdogo wenye noti mbili tu, maana mtu aliye mbali hana haja ya kujua habari za familia yetu. Anahitaji kuona kosa likitokea mbele yake. Walijibu kwa adabu kwamba ni kweli, wakashukuru, na toleo lililofuata likawa limerekebishwa. Kwao lilikuwa kosa dogo la mpangilio.

Mkiniuliza nimejifunza nini kwenye kazi hii, sina mengi. Tulianza na kalamu, tukaenda kwenye mashine, na ninyi mtakwenda kwingine nisikokujua. Makosa yatawafuata huko. Kosa likitokea, watu watauliza upesi ni nani, na mara nyingi watakuwa na jina tayari, kwa sababu zao ambazo hazihusiani na muziki. Wewe uliza ni nini. Uliza polepole, ubadilishe kitu kimoja kwa wakati, na uwaite wanaoumia waje waketi karibu nawe mnapotafuta, maana wanajua mambo ambayo hujui. Nami najua kuna mapengo ambayo hayatokani na mashine. Hayo fundi hayawezi, lakini anaweza kuondoa lile la mashine ili watu waone lililobaki.

Macho yangu sasa yanachoka mapema, na kazi nyingine nazikataa. Juzi Mama Sheila na Selina walisafiri pamoja kwenda kwao magharibi kujengea kaburi. Wakiwa huko walinipigia simu, wakipokezana kuniambia kwamba kwaya ya kijijini imeusikia wimbo na inauomba. Niliketi dirishani, nikaandaa kurasa za sauti zote nne, na kabla ya kuzituma nikazifungua moja moja, nikaziimba kwa sauti ya chini, kila ukurasa peke yake.